Chawa Aliyelala Chali

Nilikwenda kumzika Gachanja nikiwa nimevaa viatu vyangu vizuri, na ndani ya mkoba nilikuwa na betri mpya na kipande cha shaba kilichofungwa kwa leso. Sikwenda kulia. Mtu akifa watu husema Mungu amrehemu. Mimi nilipopigiwa simu kule Nanyuki nilisema moyoni, ametoroka huyu kabla hatujamalizana. Nikafunga duka, nikaenda. Othaya ilikuwa na ule ukungu wake wa Julai, mahema yamepigwa kando ya michai, viti vya plastiki vimezama miguu katika matope, na akina mama wanapitisha chai ya flaski kabla hata padri hajafika. Nikapewa kijitabu cha marehemu, kile chenye picha za rangi na maisha ya mtu yakiwa yamefuliwa na kupigwa pasi. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba akiwa kijana mjini Nyeri alibuni kengele ya joto, kifaa cha kwanza cha aina yake katika viwanda vya chai vya upande huu wa mlima. Chini yake palikuwa na picha yake akiwa mzee, amekishika kifaa chenyewe kifuani. Nikavaa miwani. Nikaitazama picha ile hadi nikakitambua kile kifaa, na ikanibidi nijifanye ninakohoa, maana kicheko kilikuwa kinanijia katikati ya sala.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni mmoja tu, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Ya wazazi wangu na ya kwetu nitayaacha. Hawamo katika kesi hii. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikapata kazi kwa Mzee Salim, fundi wa redio, mzaliwa wa Majengo pale pale Nyeri, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe na Kikuyu safi kuliko changu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa plaiwudi. Mbele palikuwa na kaunta ya wateja, nyuma palikuwa na meza mbili chini ya dirisha, na redio za watu zimepangwa ukutani hadi darini, kila moja na karatasi yake: ya kanisa, ya mama wa maziwa, ya karani wa korti. Mlango wa nyuma ulifungukia ua wa nyumba yake, kwa hiyo harufu ya lehemu iliyoyeyuka ilichanganyika mchana kutwa na harufu ya vitunguu vya mke wake, Mama Zuhura. Hata leo nikilehemu waya hujikuta nina njaa.

Tulikula pamoja, sinia moja, mafundi na wenye nyumba. Siku za kawaida ilikuwa ni maharagwe na chapati, Ijumaa ilikuwa ni pilau. Hapo kwenye sinia ndipo nilipomjua Gachanja. Alikuwa amenizidi miaka sita, ametoka Nairobi na cheti cha ufundi, na cheti chenyewe kilikuwa kimetundikwa juu ya meza yake, ndani ya kioo. Alikuwa mcheshi, mtanashati, mwenye kalamu ya kupima umeme mfukoni mwa shati. Lakini alikuwa na tabia ya kula upande wake wa sinia, kisha akaanza upande wako, huku anakuongelesha ili usione. Mama Zuhura aliona. Siku moja alinisogezea mnofu mkononi kabisa akasema, "Shika, mwanangu. Hapa anayeongea sana ndiye anayeshiba." Nilicheka tu. Ningekuwa na akili ningeliweka neno hilo mahali.

Mwezi wa pili nikiwa pale, ndugu yake Mzee aliyekuwa akiishi Maskati akamtumia boksi la chip, vile vipande vyeusi vinavyoendesha vifaa vya umeme. Mzee alikuwa ameomba chip za kawaida, zile kubwa zenye miguu mirefu inayopenya kwenye matundu ya bodi. Zilizokuja zilikuwa ndogo mno, za aina mpya iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia viwandani huko nje, za kubandikwa juu ya shaba na mashine. Kila moja ilikuwa na miguu kumi na minne, na yote ingekaa juu ya ukucha wa kidole changu cha mwisho. Gachanja alimimina chache kwenye kiganja akasema, "Hizi ni chawa, Mzee. Hakuna mtu anaweza fanya kazi na chawa." Jina likakaa. Boksi likawekwa juu ya kabati karibu na redio zilizoshindikana, na mimi nikawa nalitazama kila asubuhi nikifagia.

Wakati huo huo ofisa wa kiwanda cha chai upande wa Othaya alileta redio yake itengenezwe, akakaa kwenye kaunta akilalamika. Kiwandani kulikuwa na vitanda virefu vya kunyaushia majani, vinavyopulizwa hewa ya moto kutoka chini. Kazi ya kuangalia joto ilikuwa ya mzee mmoja na kipimajoto cha kioo, na huyo mzee alikuwa na usingizi wake. Hewa ikizidi moto, majani yanaiva kitandani na jasho la wakulima linakwenda kwa ng'ombe. Akasema mtu yeyote atakayetengeneza kitu cha kupiga kelele joto likipita kipimo, kiwanda kitamchukua awe fundi wao wa umeme, na kitampeleka asomee kazi hiyo miaka miwili. Nilikuwa nyuma ya plaiwudi nikikwangua kutu. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na niliitaka hapo hapo, kabla hajamaliza kunywa chai.

Bodi ya kengele hiyo nilihitaji miezi miwili kuitengeneza, na chip pekee iliyofaa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya lile boksi. Chuma chetu cha kulehemu kilikuwa kinene cha kuziba sufuria, kwa hiyo nilikizungushia waya wa shaba kwenye ncha, mwisho wa waya ukabaki umechomoza mwembamba; hiyo ndiyo ikawa ncha yangu. Nyaya nilizitoa kwenye transfoma iliyoungua, zile nyembamba za unywele, nikawa nazikwangua rangi kwa wembe. Lakini miguu ya chawa imelala chini ya tumbo lake, na waya haukubali kukaa pale. Nilishindwa wiki mbili. Mwishowe nikamgeuza. Nikampaka gundi mgongoni, upande ule wenye maandishi na kitone kinachoonyesha mguu wa kwanza, nikambandika chali juu ya kipande cha shaba, miguu yote kumi na minne ikatazama juu kama mdudu aliyekufa. Sasa ningeweza kuishika mmoja mmoja. Mzee Salim alisimama nyuma yangu siku ya kwanza akasema, "Hesabu tatu, toa mkono. Ukifika nne umemuua." Niliwaua watatu kabla sijajifunza kuhesabu.

Kumgeuza kulikuwa na ugumu wake, na ugumu huo ndio kisa chote hiki. Mtu akilala chali mbele yako ukiwa umesimama kichwani pake, mikono yake haibadiliki, lakini wewe ukisahau kwamba amegeuka utaukosea wa kulia na wa kushoto. Chip nayo ni hivyo hivyo. Ikikaa kifudifudi unahesabu miguu kutoka kushoto. Ikilala chali, wa kwanza unakuwa kulia, na wa nne unaokula umeme unakaa pale ambapo jicho linatarajia wa kumi na moja unaourudisha. Kitone kimefichwa chini ya gundi, hakionekani. Nilichora michoro miwili daftarini, mgongo na tumbo, na daftari nikawa nalala nalo. Siku kengele ilipolia mara ya kwanza nilikiweka kipimajoto chake juu ya kikombe cha chai ya Mama Zuhura. Ilipiga ukelele hadi kuku wakakimbia uani. Mzee alivua kofia akajifuta kichwa, akaniambia, "Kwa hii, mimi mwenyewe nitakuandikia barua." Gachanja alipiga makofi kuliko wote.

Wiki iliyofuata ofisa yule akapita tena. Nilikuwa uani nikichambua mchele na Mama Zuhura, na dirisha la karakana lilikuwa wazi. Nilimsikia ofisa akiuliza, "Na huyu msichana hufanya nini hapa?" Gachanja hakusita hata kidogo. "Huyo? Huyo hunishikia taa. Hizi kazi ni ndogo sana, bwana, lazima mtu akushikie taa. Ako na mkono imetulia, siwezi danganya. Lakini circuit ni yangu." Ofisa akamwambia basi atengeneze tano azilete kiwandani Jumatatu ya pili, meneja atakuwepo. Mama Zuhura aliacha kupepeta. Alinitazama akingoja niinuke. Sikuinuka. Nilikuwa nimeelewa kwamba nikiingia pale nikipiga kelele nitakuwa msichana anayepiga kelele, na cheti kitakuwa bado kipo ukutani. Niliendelea kutoa mawe kwenye mchele, na ubaya ukaniingia taratibu, ukakaa, na nikiwa mkweli ulinipa raha.

Jumamosi nilipokwenda nyumbani aliinakili bodi yangu. Daftari nilikuwa nalo mimi, kwa hiyo alichora alichokiona kwa macho, waya kwa waya, akapeleka kwa rafiki yake Nairobi, wakachonga bodi tano safi kwa dawa inayokula shaba. Alirudi Jumapili ya pili nazo amezipanga kwenye boksi la viatu, chip zimelala kifudifudi vizuri na maandishi yanasomeka. Zilikuwa za kupendeza, lazima niseme. Yangu ilionekana kiota cha ndege karibu yake. Niliziangalia mara moja tu nikajua. Alihesabu miguu ya chawa aliyelala chali kama vile yuko kifudifudi. Kila kitu cha kulia kilikuwa kushoto. Umeme ungeingia kwa mlango wa kutokea, katika zote tano, na hakuwa amejaribu hata moja.

Mzee Salim aliishika moja juu ya mwanga. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu na kazi ndogo alikuwa ananiachia mimi. Akanigeukia. "Muthoni, hebu angalia hizi. Ziko sawa?" Hakuuliza ni za nani, alinijua, alimjua na Gachanja, na nadhani alikuwa ananipa mlango wa kusema. Nilimjibu, "Aliyezitengeneza ndiye anajua, Mzee." Gachanja akacheka. Mzee akairudisha bodi kwenye boksi. Nimefanya kazi na wanaume wawili waliokufa mwaka mmoja baada ya mwingine, Mzee kwanza na sasa Gachanja, na kati ya wote wawili ni yule wa kwanza tu ambaye jibu langu hilo bado linaniuma.

Kiwandani walituweka chumba cha mikutano chenye harufu tamu ya majani mabichi. Meneja, yule ofisa, makarani wawili, Mzee Salim amevaa kanzu iliyopigwa pasi kwa sababu ni jina la karakana yake lililokuwa linajaribiwa. Mimi nilikuja kushika taa. Gachanja akaiunganisha bodi ya kwanza na betri. Hakukuwa na kelele yoyote, ila kamoshi kembamba na harufu ya nywele zilizoungua. Akaunganisha ya pili. Ya tatu aliiunganisha jasho likimtoka, na hapo nilikuwa nimekaa nimekunja mikono, nikishiba. Sitadanganya niseme nilimhurumia. Nilitaka ziwe kumi.

Lakini mtego nilioutega ulikuwa na shimo ambalo sikuliona. Gachanja hakuanguka, aliongea. "Bwana Meneja, hizi chip ni mbovu. Zilitoka huko Uarabuni, ati ndugu ya Mzee ndiye alituma. Mimi niliambia Mzee tununue za Nairobi, akakataa." Watu wote wakamgeukia Mzee Salim. Aliinamisha kichwa kidogo, mtu aliyetengeneza redio za wilaya nzima. Ndipo nikafungua leso yangu, nikatoa bodi yangu, nikaiwekea betri, nikaiweka juu ya kikombe cha chai cha meneja mwenyewe. Ikalia hadi makarani wakaziba masikio. "Hii ni chip ya boksi ile ile," nikasema. "Na mimi ndiye nilitengeneza." Gachanja akasema, "Hiyo ni yangu, yeye alinishikia taa." Nikamwambia, "Basi onyesha mguu ya kwanza ni gani." Akainama. Akagusa wa kushoto juu, kwa uhakika kabisa. "Hiyo ni ya kumi na nne," nikasema.

Nilikuwa nimeshinda. Mbele ya hakimu yeyote anayejua chip, kesi ingekuwa imekwisha. Tatizo ni kwamba hakukuwa na hakimu. Meneja alitazama mguu wa kushoto, akatazama wa kulia, akacheka. "Kwani hawa chawa wenu wako na miguu ngapi? Wacheni kushindana kama watoto. Kijana ako na certificate. Wewe msichana, hapa tunafanya kazi kwa shift na nyumba ya mafundi ni ya wanaume. Mpatie hiyo drawing yako, atatengeneza ingine vizuri." Nilimwambia drawing iko kichwani, na kichwa siwezi kukiacha. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu, linanigusa paja. Gachanja alichukuliwa kazi wiki ile ile. Alikaa kiwandani hadi alipostaafu, na kengele ya joto haikuwahi kulia pale hata siku moja. Waliendelea na kipimajoto chao cha kioo na mzee wa usingizi.

Tuliporudi mjini Mzee Salim alifungua karakana, akavua kanzu, akaikunja. "Ulijua tangu jana," akasema. Nikasema nilijua. "Nilikuuliza. Yeye alikuibia wewe, na Mungu anaona. Lakini wewe umelipa kisasi kwa uso wangu." Hakupandisha sauti. Alinipa kazi ya kuchambua skrubu kwa wiki nzima, na barua aliyoniahidi hakuiandika, nami sikuiomba. Mama Zuhura aliendelea kunisogezea nyama, sasa bila mtu wa kushindana naye. Mwaka ulipoisha nilihamia Nanyuki, nikaanza duka langu, nikatengeneza redio za wauza ng'ombe wanaoteremka kutoka Doldol, kisha televisheni, kisha simu. Nililomfanyia Mzee ninalijutia. La Gachanja silijutii hata punje, na kila mwaka nimekuwa nikiitoa ile bodi, nikiiwekea betri, nikiipasha joto, nihakikishe bado ina sauti.

Baada ya mazishi tulikaa kwenye mahema tukila mukimo. Mbele palikuwa na meza ya vitu vya marehemu: picha yake, kile cheti, na ile bodi ya shaba ya kwenye kijitabu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu akaichukua bodi akaja nayo hadi kwangu, macho yamevimba. Alikuwa Wairimu, binti yake, mhandisi wa mitambo ya simu Nairobi. "Auntie, ni wewe Muthoni? Daddy alikuwa anakutaja sana. Ati ndiye ulikuwa unamshikia taa."

"Alikuwa anasema hivyo?"

"Kila wakati. Ati hajawahi ona mkono imetulia kama yako." Akakaa kando yangu. "Hii kitu imekuwa kwa ukuta tangu nizaliwe, ndani ya kioo, na hakuwa anataka tuiguse. Leo ndiyo naishika mara ya kwanza. Ni hii ilifanya nisomee engineering. Hebu niambie, ilikuwa inafanya kazi?"

Ni swali la Mzee Salim lile lile, kuhusu zile zile bodi tano. Mara ya kwanza nililipa kisasi kwa kunyamaza. Nilimtazama mtoto wa watu, ambaye hajaniibia kitu, na nikajua kwamba safari hii nitalipa kwa kusema. "Wewe umesoma," nikamwambia. "Hesabu miguu."

Akaiinua karibu na uso. Alifuata mistari ya shaba kwa ukucha, midomo ikihesabu. Alifika wa nne akasimama. Akarudi mwanzo. "Auntie, power imeingia kwa ground." Nikamwambia aendelee. "Zote zimebadilishana. Left iko right." Nilimwona anavyofikiri, haraka kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye chumba kile cha mikutano. "Ni kama mtu alikuwa anachora akiangalia chip kutoka chini. Na hakujua ni chini."

"Alikuwa anaangalia hii," nikasema, nikafungua leso. Nikaunganisha betri, nikaweka kipimajoto juu ya kikombe chake cha chai. Kengele ikalia chini ya hema lote. Akina mama wakageuka, mtu mmoja akaacha kuomba chumvi. Wairimu hakugeuka. Aliitazama bodi yangu, akatazama ya baba yake, akafungua kijitabu ukurasa wa tatu akakifunga tena.

"Mbona hukusema?" akaniuliza. "Miaka hii yote?"

"Nilisema. Hakukuwa na mtu wa kuhesabu miguu."

Akaomba aone nyaya kwa karibu. Ukungu ulikuwa umeteremka, na chini ya hema macho yangu hayakufika. "Nishikie taa," nikamwambia. Akawasha simu yake akaishika juu ya chawa wangu, na mwanga ukawa unarukaruka, kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka. "Tuliza mkono," nikasema, nikaanza kumhesabia, kutoka kulia, mguu wa kwanza.